Daftari la Nafsi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yaonyesha kuwa ilitungwa na watu wa biashara, nao walijua walilolisema. Mwenye duka asiyeandika humkopesha huyu sukari na yule mafuta, huamini kuwa kichwa chake ni sanduku lisilovuja, na mwisho wa mwaka huona rafu tupu wala hajui mali yake imekwenda wapi. Hakuvunjiwa mlango na wezi, wala duka lake halikushika moto. Mali imetoka kidogo kidogo, mchana kweupe, mbele ya macho yake mwenyewe.

Nataka tuipeleke methali hii mahali ambapo huenda walioitunga hawakuipeleka. Ikiwa mali ya dukani hupotea kwa kukosa daftari, je, mali ya rohoni, yaani sala, shukrani, ukweli, subira na huruma, nayo yahitaji daftari? Mtu ampendaye Mungu wake, au mwenye nia ya kuwa mtu mwema, afanya vyema kuchukua rula na kalamu, akapiga mistari, akaandika siku za juma, na akatia alama kila jioni? Au kufanya hivyo ni kuishusha ibada ikawa sawa na hesabu ya vibaba vya mchele?

Swali hili si la mchezo kwa kijana wa shule. Maisha yako, msomaji, yamejaa ratiba. Kengele hukuamsha, kengele hukupeleka darasani, kengele hukuita mezani, kengele hukuzimia taa. Hesabu ina saa yake, mpira una saa yake, hata kufua nguo kuna siku yake katika karatasi iliyobandikwa ukutani. Lakini kuna jambo moja ambalo pengine mama yako alikusihi usilisahau siku ile ulipokuwa ukifunga sanduku lako kuja shuleni, na jambo hilo umeachiwa mwenyewe. Ukiulizwa kwa nini limekupita, utajibu kuwa hukupata nafasi. Jibu hilo ni la kweli, na kwa kuwa ni la kweli latisha. Hukuikataa sala, wala hukuuchukia wema. Vilikosa mahali pa kukaa, vikaondoka.

Wako wanaopinga. Wao husema kuwa mapenzi hayapimwi kwa rula. Mtoto hamsalimu mama yake kwa sababu saa imefika, wala rafiki hamwendei rafiki kwa sababu ameandika hivyo kitabuni. Na ikiwa mtu amwomba Mungu ili apate kutia alama katika daftari, basi ameliabudu daftari. Maneno haya yana uzito, nami sitayatupa, maana mbele kidogo yatanirudia mwenyewe. Kwa sasa yatosha kusema kuwa yamesahau jambo moja. Mama mwenyewe ana saa. Mtoto mchanga akiwa mgonjwa hupewa dawa kwa saa, na hapana amwambiaye mama yule kuwa hana mapenzi kwa sababu aitazama saa ukutani. Dini nazo zina saa. Mwislamu ana sala tano, na adhana haimngoji mtu mpaka moyo wake uchangamke. Watawa wa Kikristo waifuatao kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, hukusanyika kusali kwa nyakati zilizowekwa. Waliozipanga nyakati hizi hawakuwa watu wa mioyo baridi. Walijua kwamba moyo wa mwanadamu ni kama moto wa kuni, ambao asiyerudi kuuchochea huukuta majivu, hata kama aliuwasha kwa furaha kubwa.

Basi si ajabu kwamba watu wa dini mbalimbali na nchi mbalimbali, ambao hawakupata kuonana, wote waliifikia desturi moja ya kuihesabu nafsi. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeishi katika karne ya kwanza, ameandika kuwa taa ilipokwisha ondolewa chumbani, na mkewe akishajua desturi yake akanyamaza, yeye huipitia siku yake nzima, neno kwa neno na tendo kwa tendo, bila ya kujificha kitu. Hakuwa na daftari, kiza kilimtosha.

Aliyeieleza kazi hii kwa mfano ulio karibu nasi zaidi ni Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyezaliwa Tus katika nchi ya Uajemi mwaka 1058, akafa huko huko mwaka 1111. Kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, kina sehemu 40, na moja katika hizo yahusu kuilinda nafsi na kuihesabu. Jina la kitabu hicho si geni kwa wanazuoni wa Lamu na Mombasa. Ghazali alichukua mfano wake sokoni. Akili ya mtu, alifundisha, ni kama tajiri mwenye mali, na nafsi yake ni kama mshirika aliyekabidhiwa mali hiyo akaifanyie biashara. Rasilimali ni umri. Sasa tajiri mwenye busara humfanyaje mshirika wake? Asubuhi hupatana naye masharti kabla hajampa fedha. Mchana humwangalia asije akapotoka. Jioni huketi naye, vitabu vikafunguliwa, ikaonekana faida iko wapi na hasara iko wapi. Na pakiwa na hasara humdai alipe. Tajiri afanya haya yote kwa ajili ya fedha ambayo kesho yaweza kupotea, na akiipoteza aweza kutafuta nyingine. Umri ukipotea hakuna soko liuzalo mwingine.

Tazama jinsi mfano huu ulivyo mkali. Wengi wetu hufikiri kuwa hesabu ni ya jioni tu, wakati wa majuto. Ghazali aianza asubuhi, wakati wa mapatano. Mtu asiyepatana na mshirika wake asubuhi hana haki ya kumgombeza jioni, kwa kuwa hakumwambia alilotaka. Ndiyo sababu ya kuwa na ratiba pamoja na daftari: ratiba ni mapatano, daftari ni hesabu, na kimoja bila ya kingine ni nusu ya kazi. Nimewaona vijana wenye ratiba za kupendeza, zilizopakwa rangi tatu, ambazo hazikupata kuulizwa jioni hata moja zilitimizwa au hazikutimizwa.

Katika Ulaya, Ignatius wa Loyola, askari wa Hispania aliyevunjwa mguu kwa mzinga mjini Pamplona mwaka 1521 na baadaye akawa mwanzilishi wa shirika la Wajesuti, alitia kazi hii katika maandishi. Kitabu chake cha mazoezi ya roho, kilichochapishwa mwaka 1548, chamfundisha mtu kuchagua kosa moja analotaka kuliacha, kisha kujichungua mara mbili kwa siku, baada ya chakula cha mchana na baada ya chakula cha usiku. Kila siku ina mistari miwili, mmoja wa nusu ya kwanza na mmoja wa nusu ya pili, na kila mara alipoanguka hutia nukta. Halafu aulinganisha mstari wa pili na wa kwanza, leo na jana, juma hili na juma lililopita. Hapa pana hekima ambayo vijana huipita mbio: ni kosa moja. Mtu akamataye kuku kumi kwa mara moja hulala na njaa.

Lakini daftari mashuhuri kuliko yote ni la Benjamin Franklin wa Philadelphia, mpiga chapa aliyezaliwa mwaka 1706 na baadaye akawa mmoja wa waasisi wa Marekani. Yafaa tulitazame kwa makini, kwa kuwa watu wengi wamelisifu na wachache wamelisoma mpaka mwisho. Katika miaka ya 1730 hivi, Franklin alikusudia kuishi bila ya kutenda kosa lolote. Alikuwa kijana, na makusudi kama hayo ni ya ujana. Aliandika fadhila 12, kama vile kiasi katika kula na kunywa, ukimya, utaratibu, uwekevu, bidii, unyofu na haki. Rafiki yake mmoja wa madhehebu ya Quaker akamwambia kwa upole kuwa watu humwona mwenye kiburi, hasa katika mabishano. Akaongeza ya 13, unyenyekevu. Ningependa kumjua rafiki yule. Fadhila 12 ziliandikwa na mwenye daftari, na ile aliyokuwa na haja nayo zaidi iliandikishwa na mtu mwingine.

Kisha akatengeneza kitabu kidogo. Kila fadhila ilipewa ukurasa wake. Kila ukurasa ulipigwa mistari kwa wino mwekundu, safu 7 za siku za juma na mistari 13 ya fadhila, na kila alipokosa alitia nukta nyeusi. Juma moja alilinda fadhila moja kwa nguvu zake zote, zile nyingine akiziacha katika hali yake ya kawaida ila akitia nukta zake jioni. Majuma 13 yalikuwa mzunguko mmoja, na mwaka una mizunguko minne. Ndani ya kitabu mlikuwamo pia ratiba ya saa 24, tangu kuamka saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi alijiuliza atafanya jema gani siku ile, na jioni alijiuliza ni jema gani alilolifanya.

Je, alifaulu? Mwenyewe amesimulia, alipokuwa mzee wa miaka 78 akiishi Ufaransa, kuwa alistaajabu kujiona ana makosa mengi kuliko alivyodhani. Alizikwangua nukta za mzunguko wa zamani ili apate nafasi ya nukta za mzunguko mpya, mpaka karatasi ikatoboka. Akahamia kurasa za pembe ya ndovu, ambazo nukta zake za kalamu ya risasi ziliweza kufutwa kwa sponji yenye maji. Utaratibu ulimshinda kabisa. Kuhusu unyenyekevu alikiri kuwa aliupata kwa sura zaidi kuliko kwa hakika, na kwamba kama angekishinda kiburi chake, pengine angeona fahari kwa unyenyekevu huo. Mizunguko ikapungua, ikawa mmoja kwa mwaka, kisha mmoja kwa miaka kadhaa, hata akaiacha, ingawa kitabu alikichukua safarini siku zote. Hata hivyo alisema kuwa ijapokuwa hakuufikia ukamilifu, alikuwa mtu bora na mwenye furaha kuliko ambavyo angekuwa asingejaribu.

Mpaka hapa hadithi ni nzuri. Lakini kabla sijaimaliza, niruhusu nieleze habari ya daftari langu mwenyewe, ambalo halikuwa la pembe ya ndovu.

Nilikuwa mwanafunzi katika shule moja ya bweni huko pwani. Katika kitabu fulani nilisoma habari za daftari la Franklin, nikawaka moto. Nilinunua daftari dogo la jalada jeusi, nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu, nikaandika sala, kusoma kitabu kitakatifu, kufunga, kusema kweli, kuamka mapema, na sadaka. Kinyume cha Franklin, mimi sikutia nukta kwa makosa. Nilitia alama ya msalaba kwa kila jema nililolifanya. Badiliko hilo dogo lilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyojua. Ukurasa wa Franklin ulipendeza ulipokuwa mtupu. Wangu ulipendeza ulipojaa. Kwa hiyo niliujaza. Juma la tatu nilikwisha anza kutia alama za Jumapili siku ya Ijumaa, kwa hoja kwamba nilikuwa na nia ya kutenda, na nia ni kama tendo. Mtu mwenye rula huwa na hoja nyingi.

Nje ya lango la shule palikuwa na kibanda cha makuti, na ndani yake mama mmoja mjane aliyeuza chai na mahamri. Sisi wanafunzi tulikula kwake kwa deni. Yeye hakujua kusoma wala kuandika. Kila mteja alikuwa na mahali pake katika ubao wa mlango, na kwa kila hamri alipiga mstari wa mkaa. Siku moja jioni nilikuwa nimeketi juu ya benchi lake nikingoja chai, nikalitoa daftari langu nikaanza kutia alama. Akaniuliza naandika nini. Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza safu moja baada ya moja, na nilipofika kwenye sadaka nikamwonyesha alama ya siku ile, kwa kuwa adhuhuri nilimpa kipofu mmoja senti 50 mbele ya rafiki zangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akipangusa mikono yake katika leso. Kisha akasema, "Kitabu chako ni kizuri, mwanangu. Na mimi nimo?"

Sikuelewa. Akanyosha kidevu kuelekea mlangoni. Mahali pangu katika ubao palikuwa na mistari 18, mingine ya tangu mwezi uliopita. Hamri moja ilikuwa senti 50, basi nilikuwa na deni lake la shilingi 9. Senti 50 niliyompa kipofu ilikuwa yake.

Hakusema neno zaidi, wala hakunikatalia chai. Lakini niliyaona madaftari mawili yakitazamana, langu na lake, yote yakieleza habari za mtu mmoja katika mwezi mmoja, na hayakupatana. Katika langu nilikuwa karibu mtakatifu. Katika lake nilikuwa mdaiwa. Na lililokuwa chungu zaidi ni kuwa sikusema uwongo katika safu ile ya sadaka. Senti ilitolewa kweli. Daftari lilijibu sawasawa nililoliuliza. Nilikuwa sikuliuliza lile.

Sasa turudi kwa Franklin. Haki ilikuwa fadhila ya 8 katika orodha yake, nayo ilikuwa na ukurasa wake na zamu yake, majuma manne kila mwaka. Lakini tangu miaka ile ile ya 1730 Franklin alikuwa akimiliki watumwa. Gazeti alilolipiga chapa, The Pennsylvania Gazette, lilichapa matangazo ya watu wanaouzwa na watu waliotoroka, naye akapokea malipo. Alipokwenda London mwaka 1757, yeye na mwanawe walifuatana na watumwa wawili, na mmoja wao akatoroka huko. Yamkini jioni nyingi mtu huyu aliketi na kalamu yake, akaupitia mstari wa haki, akauona hauna nukta, akalala kwa amani, na chini ya dari ile ile amelala mtu asiyelipwa ujira. Daftari halikumwambia. Halikuweza kumwambia, kwa kuwa yeye ndiye aliyelifundisha neno haki lina maana gani.

Tusimcheke. Utumwa katika pwani ya Kenya ulikomeshwa kisheria mwaka 1907, na kabla ya hapo watu waliokuwa hawapitwi na sala walikuwa na watumwa mashambani, kama vile watu wasiopitwa na kanisa walivyokuwa nao ng'ambo ya bahari. Na sisi tulio hai leo tuna mistari yetu tusiyoipiga, ambayo wajukuu wetu wataistaajabia. Mimi siijui yangu. Ningaliijua ningaliipiga.

Franklin mwenyewe hakubaki pale alipokuwa. Katika uzee aligeuka, na mwaka 1787 akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Mwezi wa Februari mwaka 1790 alitia sahihi ombi lililopelekwa katika bunge la nchi yake utumwa ukomeshwe, na tarehe 17 Aprili mwaka ule ule akafa. Mgeuko huu haukutoka katika zile nukta. Ulitokana na watu: marafiki wa Quaker waliomsumbua kwa miaka mingi, na shule ya watoto weusi aliyoitembelea Philadelphia mwaka 1763, akaona kwa macho yake kwamba akili zao hazipungukii akili za watoto wengine, akakiri hivyo kwa kuandika. Tena ni mtu mwingine aliyemwandikisha mstari.

Je, hii ni hoja ya kulitupa daftari? Nilidhani hivyo kwa muda, nami nililitupa langu chini ya godoro. Mwezi mmoja haukupita kabla sijaona kuwa sikuwa mnyenyekevu zaidi kwa kutoandika. Nilikuwa nasahau zaidi tu. Sala zilinipita, na mistari ya mlangoni ikaongezeka. Wale wanaosema kuwa mapenzi hayapimwi walikuwa na haki juu yangu, kwa maana niliabudu alama. Lakini dawa ya mizani mbovu ni kuitengeneza. Atupaye mizani hawi muuzaji mwaminifu kwa hilo.

Kwa hiyo, kama wewe msomaji wataka kujitengenezea daftari la namna hii, nitakueleza jinsi ninavyolipiga langu sasa, baada ya kuharibu mengi. Naanza jioni. Katika hesabu yetu ya zamani ya pwani siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa. Nimeona kuwa desturi hii ni ya hekima. Mtu ajihesabuye machweo hafungi siku iliyokufa tu. Aifungua nyingine, na mapatano ya Ghazali huja mara baada ya hesabu, wakati hasara ingali mbichi na bado yaweza kulipwa kesho asubuhi.

Mistari yangu ni michache. Kimoja ni cha saa za ibada, nacho nakijaza kwa ukali bila huruma, kwa kuwa hicho chaweza kuhesabika: ama nilisimama ama sikusimama. Kingine ni cha kosa moja la majira hayo, kwa njia ya Ignatius, na huko narudia nukta za makosa badala ya misalaba ya sifa. Siku nisiyoandika huiacha tupu. Sijazi ya jana leo, hata nikikumbuka vizuri, maana najua nilikotoka. Siku tupu nayo ni habari. Simu za siku hizi zina programu za kukukumbusha sala na kukuhesabia siku ulizofuatisha bila kukosa. Zafaa kwa kuamsha, lakini zapenda mno kusifu, na mtu aliyesifiwa siku 40 mfululizo huiogopa siku ya 41 kwa sababu isiyo ya kidini.

Safu kubwa kuliko zote haina fadhila yoyote juu yake. Ina majina ya watu. Naandika mle nani ananidai na nani nimemwahidi, iwe fedha, barua, radhi au kumtembelea tu akiwa mgonjwa. Safu hii ni ngumu kuliko nyingine kwa kuwa sijijazii peke yangu. Mara moja kwa mwezi au zaidi nachagua mtu mmoja anijuaye vizuri na asiyenihofu, namwuliza kama kuna jina nililolisahau. Kijana wa shule aweza kumwuliza ndugu yake, au mwenzake wa kitanda cha pili, au mpishi. Majibu hayapendezi siku zote. Dada yangu alipata kunijibu kwa jina la mtoto wake mwenyewe, ambaye nilimwahidi mpira nikaona ni neno dogo.

Chini ya ukurasa kuna nafasi isiyo na mstari. Ni ya mambo niliyopewa bila ya kuyapanga: mvua baada ya kiangazi, mgeni aliyekuja wakati nilipokuwa na huzuni, sala iliyonijia njiani nje ya saa zake. Wapinzani wetu wakiuliza mapenzi yamekaa wapi katika daftari, nawaonyesha hapa. Ratiba haiwezi kuyaita mambo hayo. Yaweza tu kumweka mtu macho, ili yakija yamkute hajalala.

Na daftari nalificha. Ukilionyesha mara moja tu, mara ya pili utaliandika kwa ajili ya macho ya yule uliyemwonyesha. Mimi nililionyesha mara moja, katika kibanda cha makuti, na ni kwa bahati tu kwamba nililionyesha kwa mtu aliyekuwa na daftari lake.

Deni lile nililimaliza mwisho wa muhula. Nyumbani walikuwa wameniletea fedha za kununulia viatu vya mpira, nikacheza miguu mitupu. Nilimhesabia shilingi juu ya benchi, za mistari 18 na ya ile iliyoongezeka baadaye. Yule mama hakuzihesabu mara ya pili. Alichukua tambara lenye maji akaanza kupangusa mahali pangu mlangoni, lakini mkaa ulikuwa umeingia katika nyufa za ubao, usitoke wote. Akasugua tena kidogo, akatazama, kisha akarudi haraka kwenye karai lake, kwa kuwa mahamri yalikuwa yameanza kuungua.